Swichi ya Dirishani

Sisi wa Manga radi tunaijua. Mawingu ya alasiri yakianza kujikusanya, watoto huitwa ndani, ng'ombe huondolewa chini ya miti, na mwenye akili zake haegemei ukuta. Kwa hiyo Tata, baba yangu, aliponunua redio ya transista miaka ile ya sitini na kuvuta waya wa antena hadi juu ya mkaratusi, nilimwambia wazi kwamba ameifungulia radi mlango. Akacheka. "Redio ya betri, tena ndogo hivi, radi itaitakia nini?"

Nilikuwa mwalimu, na kutengeneza redio nilikuwa nimejifunza mwenyewe. Nilichimbia fimbo ya chuma kwenye udongo mbichi wa migombani, nikaiunganisha kwa waya mnene hadi dirishani, nikafunga swichi. Ukiiinua, antena inaingia redioni. Ukiishusha, antena inaachana na redio na kwenda moja kwa moja ardhini. Mawingu yakija, shusha. Hata Mama alijua.

Na Mama ndiye aliyeihitaji redio ile kuliko sisi sote. Dada yake mdogo, aliyehamia Kitale na mumewe, alikuwa amelazwa hospitalini. Barua zilichelewa, simu hatukuwa nayo. Habari mbaya zilikuja kwa matangazo ya vifo, na kila jioni Mama aliketi mbele ya redio, mikono mapajani, akisikiliza majina ya watu wasiomhusu. Yakiisha, alishusha pumzi na kwenda kusonga ugali.

Kila Ijumaa jua likizama, Tata, mzee wa kanisa la Wasabato, aliizima redio na kuifunika kitambaa cheupe. Mpaka Sabato iishe, asiiguse mtu, wala yenyewe wala kitu chake. Redio iliyozimwa imepumzika, alisema, itadhurika na nini? Nilijaribu kumweleza kwamba waya hata siku hiyo uko juu ya mti. Nikaambiwa nisilete mambo ya kazi.

Jumamosi moja, tumetoka kanisani, mvua ya mawe ikapiga mabati hata tusisikizane. Swichi ilikuwa juu. Nikanyanyuka.

"Keti," Tata akasema.

"Tata, ni kidole tu!"

"Nimesema keti."

Nikaketi, nimefura kwa hasira. Radi haikuupiga mkaratusi. Ilipiga ng'ambo ya bonde. Lakini chini ya kitambaa kitu kililia tak, kisha harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Jua lilipozama niliifungua. Transista zilikuwa zimekufa zote. Vitu vile huishi kwa nguvu za betri chache tu za tochi, na hata masalio ya radi huwa mengi mno kwao. Mjini Kisii hazikupatikana, ikabidi ziagizwe Nairobi, nayo redio nikaiacha huko mjini kwa muuza vipuri. Jirani pekee mwenye redio alikuwa amesafiri nayo. Jioni zilizofuata Mama aliketi pale pale mbele ya meza tupu, na mimi roho iliniuma.

Wiki ile haijaisha, mume wa dada yake akafika. Tulijua kabla hajakaribishwa kiti.

"Shemeji, tumemzika bila wewe," alisema, na sauti yake ilikuwa na lawama. "Tulikutangazia redioni, jioni mbili. Jina lako lilisomwa la kwanza. Tulichelewesha jeneza, watu wakinung'unika, tukitazama barabara."

Mama, aliyelia kwenye matanga ya kila mtu, hakulia. "Niliitwa," alisema. "Niliitwa, nami nilikuwa hapa hapa." Akalirudia neno hilo mpaka shemeji mwenyewe akaanza kumbembeleza. Tata akatoka nje.

Ijumaa iliyofuata, jua lingali juu, nilimwona Tata akienda dirishani. Aliishusha swichi kwa mikono miwili, polepole, akaijaribu kama imekaa. Redio ilikuwa bado mjini, ikingoja transista. Mama alimtazama mpaka akamaliza, kisha akageuka na kwenda jikoni.