Siku Tarumbeta Lilipopelekwa Uani

Mwanangu, siku ile tulipopiga muziki mbele ya mashine ya kurekodia santuri naikumbuka kana kwamba midomo yangu bado inawasha. Ilikuwa hapa hapa Bagamoyo, kabla ya uhuru. Tulikuwa watatu: Kaka Mbaraka wa ngoma, ambaye alituzidi umri; Athumani wa Kaole, mpiga gitaa, aliyemwoa dada yangu; na mimi wa tarumbeta. Tulikuwa tumepiga pamoja miaka mingi, harusi za Mapinga mpaka Kiwangwa, hata mmoja wetu akikohoa wenzake walijua wimbo gani unafuata.

Mimi nilikuwa kijana wa haya. Nikitoa shikamoo, wazee waliniambia nirudie, hawakuisikia. Shuleni niliishia darasa la nne, na maneno mengi sikuwa nayo. Lakini nikishika tarumbeta nilisimama mbele ya wote, na wanawake wakapiga vigelegele. Mbele ndipo palipokuwa mahali pangu. Mahali pengine sikuwa napo.

Basi akaja fundi kutoka Dar es Salaam na mashine yake, akaiweka sebuleni kwa Bwana Karmali, Mhindi aliyeuza santuri na vitambaa. Fundi alikuwa amebakiwa na sahani moja tupu ya santuri, na alasiri lori lilikuwa linamrudisha Dar. Sindano ilichora sahani wakati ule ule tunapopiga. Ukikosea, umekosea.

Tukasimama tulivyozoea, mimi mbele, tukajaribu kidogo. Fundi akakunja uso. Maikrofoni ilikuwa moja tu.

"Wewe wa tarumbeta, rudi nyuma."

Nikarudi.

"Zaidi. Unamfunika mwenzako." Nikafika mlangoni. "Hapana, toka kabisa. Simama uani, mlango tutauacha wazi."

Nikajikuta kando ya banda la kuku. Kisha yule fundi akamvuta Athumani hadi gitaa likakaribia kuigusa maikrofoni, akampa na kiti. Kiti, mwanangu!

"Shemeji," Athumani akaniita huku akicheka, "wasalimie kuku!"

Kifua kiliniwaka. Nikaiona santuri ile ikizunguka nchi nzima, watu wakisema gitaa la Athumani, gitaa la Athumani, na mimi hata sitajwi. Nikalitia tarumbeta mfukoni mwake, nikavuta kamba.

"Pigeni wenyewe," nikasema, kwa sauti ambayo wenzangu hawakuwahi kuisikia kinywani mwangu.

Kaka Mbaraka akanifuata uani. Hakufoka.

"Dada yako ameolewa na Athumani tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Kamwulize basi mumewe hupigaje gitaa. Hajui. Kila harusi yupo, na kila harusi anakusikia wewe. Bwana mdogo, sisi tumekaa uani kwako miaka yote hii. Wewe umesimama mara hii tu, unafunga mfuko?"

Nikachungulia ndani. Athumani amekalia ukingo wa kiti, mgongo umemkakamaa. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Huko mbele hakukuzoea hata kidogo.

Nikalitoa tarumbeta. Nikapiga nikiwa nimeuelekea ukuta, kuku wakitawanyika.

Tulipomaliza, fundi alitusikilizisha papo hapo. Dada yangu alikuwa amefika, akasimama kizingitini. Gitaa likatoka safi, kila uzi peke yake.

"Nani huyo anapiga?" akauliza.

"Mumeo," Kaka Mbaraka akamjibu.

Dada akaziba mdomo kwa kanga. Na tarumbeta langu likasikika kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka shamba la pili. Lilipendeza, siwezi kukataa. Lakini nisikudanganye, wivu haukuniisha. Nilipomwona dada akimtazama mumewe vile, ulinirudia upya. Ila harusi iliyofuata, wimbo mmoja tu, nilirudi nyuma ya wenzangu bila kuambiwa na mtu. Wimbo ule ulikuwa mgumu kuliko yote niliyowahi kupiga.

Basi nawe, mwanangu, unayelalamika kwamba mwenzako ametangulizwa: wivu utakuja, usijifanye huna. Ila kabla hujafunga mfuko wako, jiulize ni nani amekuwa akisimama uani ili wewe usikike. Mpishe. Moyo ukiuma, uache uume, nawe endelea kupiga.

Mungu akupe wenzako wa kudumu nao, akupe pumzi ndefu. Na siku utakapoambiwa utoke nje, akuachie mlango wazi. Amina.