Makofi ya Baba Mkwe

Mwaka uliofuata uhuru wa Kongo, mji wetu wa Kalemie ulipokuwa bado ukiitwa Albertville, nilikuwa na mabega ya kutisha na sikuweza kuchuchumaa. Cheka ukitaka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa mpakizi bandarini. Jioni, vijana wa bandari tulikutana nyuma ya karakana ya reli kunyanyua mhimili wa kitoroli kibovu, pamoja na magurudumu yake mawili. Hakuna aliyetufundisha kujinyoosha. Tulinyanyua tu, tukavimba, tukatembea mjini mikono imetanuka kama watu waliobeba ndoo. Magoti na mgongo vikakakamaa, nami nikadhani huo ndio uanaume.

Nilimpenda binti wa dereva wa treni ya Kabalo. Kwao, kijana anayeposa huchuchumaa chini kabisa mbele ya baba, anakunja viganja na kupiga makofi polepole. Baba naye akipiga makofi, amekubali. Asipopiga, rudi kwenu.

"Papa asipokujibia, wananipeleka Manono," binti aliniambia. Huko Manono kulikuwa na karani wa mgodi wa bati aliyekuwa akingoja mimi niharibu.

Na niliharibu. Nilishuka nusu, magoti yakagoma. Nikabaki hapo katikati, makalio hewani, nikipiga makofi huku jasho linanitoka. Mzee alinitazama kutoka kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono.

"Huyu mutoto amekuja kunisalimia ao anataka kuniruka?"

Mama wa binti alinihurumia. "Papa, umupatie mwezi moja. Labda ana jipu."

Nilipewa mwezi mmoja, na kabla wiki haijaisha mji mzima ulikuwa unaniulizia jipu langu.

Siku hizo walikuwapo mjini askari wa Umoja wa Mataifa, wa kofia za buluu, kutoka India. Mpishi wao, mtu mwembamba sana, alikuja bandarini kununua mikebuka, samaki wa ziwa letu. Aliniona nikiokota kamba chini huku nimeshikilia ukuta. Akanigusa mgongo, akasikitika.

"Kesho asubuhi kuja kwangu. Yoga."

Nilisikia "oga." Damu ikanichemka. Mtu amekuja kununua samaki, halafu ananiambia mimi ndiye ninayenuka! Kisha nikajinusa, nikaona hajakosea sana. Asubuhi nikaenda kambini na taulo na kipande kizima cha sabuni. Mpishi akaipokea sabuni kwa mikono miwili, akanishukuru, akaitia mfukoni. Halafu akaketi chini, akauchukua mguu wake mwenyewe na kuuweka juu ya paja. Nilingoja sabuni yangu irudi. Haikurudi.

Mama yangu naye, nilipomweleza, alisikia "uyoga," akanipikia sufuria nzima. Nilikula. Sikuwa katika hali ya kukataa dawa yoyote.

Ndivyo nilivyoanza kukunjwa. Mpishi alinivuta, akanikalia mgongoni, akanifundisha kupumua, kazi niliyodhani naijua tangu kuzaliwa. Zoezi la mwisho lilikuwa kulala chali bila kutikisika, viganja juu, macho yamefungwa. Nikalifanya nyumbani. Mama akanikuta, akapiga yowe, majirani wakajaa uani wakilia. Nilipofumbua macho, wengine walinikasirikia kabisa, kwamba wameacha kazi zao bure.

Nilitaka kuachana na chuma. Mpishi, niliyekuwa nimemsimulia posa yangu, akakataa.

"Chuma muzuri. Yoga muzuri. Kichwa yako njo mubaya. Iko nabeba papa ya ule binti muchana kutwa. Tia yeye chini."

Alisema kweli. Nilikuwa namwogopa yule mzee, na sijawahi kumwogopa mtu namna ile. Basi nikaendelea na vyote viwili, na kila nilipopumua nilijaribu kumtua mzee kichwani. Alikuwa mzito kuliko kitoroli.

Mwezi ukaisha. Nilirudi nimevaa koti refu la kuazima. Nikashuka mbele ya kiti chake, nikashuka tena, mpaka chini, nyayo zote sakafuni. Nikapiga makofi.

Mzee alinikagua toka kichwani mpaka nyayoni. Alinitilia shaka.

"Ule pale ana kiti chini ya koti," akamwambia mkewe. Akainama achungulie. Mgongo wake ukalia kak, naye akabaki vilevile amekunjika, mdomo wazi. Miaka yote ya kukaa kwenye treni ilikuwa imemngoja hapo.

"Mumupeleke kwa kitanda!" mama wa binti akapiga kelele. Lakini mwanamume mwingine aliyekuwapo ni mimi tu, na kwao mposaji hagusi mwili wa baba mkwe. Ni aibu isiyofutika.

Sikumgusa. Nilichuchumaa ubavuni, nikapitisha mikono chini ya kiti, nikavuta pumzi, nikainuka na kiti na mzee wake. Tukafika mlango wa chumba, kiti kikawa kipana kuliko mlango. Mama akakimbilia nje kuita fundi. Tukabaki wawili, sikio langu karibu na mdomo wake.

"Mbona unapumua hivyo? Unataka kuniangusha?"

"Hapana, Papa. Ni yoga."

"Nilikwisha oga asubuhi," akasema kwa hasira.

Nilimsikia naye akianza kupumua polepole kama mimi, maumivu yakimlegea kidogo. Kisha mikono yake, iliyokuwa inaning'inia, ikakutana chini ya uso wake. Akakunja viganja. Akapiga makofi.

Nyuma ya pazia la jikoni kitu kilianguka.

"Papa," sauti ya binti ikasema, "piga tena, sikusikia muzuri."

Akapiga tena. Kiti kilinielemea, lakini sikutaka kumtua.