Lusungu na Kitanda cha Nkana

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, mwanamke wa Isongole ambaye mumewe alirudi kutoka migodini na macho makavu, halali usiku, hakuhangaika na mganga. Aliambiwa, nenda kwa Lusungu. Na Lusungu hakuwa na dawa hata ya kulamba! Alianzia kwa mume wake mwenyewe, Isaka Mbonile.

Isaka aliporudi kutoka migodi ya shaba ya Nkana alikuja na kitanda cha chuma, cha springi, cha kwanza kuonekana pale. Watu walikuja kukibonyeza na kucheka. Lusungu naye alivimba kichwa kidogo, maana nani asiyependa kuonekana?

Shida ilikuwa mwenye kitanda. Miaka yote Isaka alichimba zamu ya usiku, na mwili wake ulirudi nyumbani na zamu ileile. Usiku anajigeuza mpaka springi zinalia, akishindwa anatoka kuzunguka uani. Mchana ndipo anakoroma. Na kwa desturi ya pale, mtu aliyetoka mgodini haamshwi. Kumwamsha ni kumvunjia heshima. Basi ugali analetewa kitandani, wageni anawapokea kitandani, kisha analala tena hadi jua lizame.

Sasa nyie mnawajua watu. Anayetembea usiku na kulala mchana ataitwaje? Ndama wa jirani akafa, na minong'ono ikapata chakula: Isaka anawanga. Kaka yake mkubwa, Anania, akaja kwa Lusungu amekunja uso.

"Shemeji, ulezi ukishavunwa namvusha Mto Songwe, nampeleka kwa mganga. Mganga akishindwa, mtahama hapa. Jina la uchawi sitalibeba mimi."

Wahamie wapi na watoto? Lakini huyu mama hakuwa wa kulialia.

"Shemeji, nimelea watoto wanne, na wawili walinigeuzia usiku kuwa mchana. Mtoto wa hivyo hapelekwi kwa mganga. Ananyimwa usingizi wa mchana, basi. Huyu mdogo wako ni wa tatu, niachie."

Anania aliguna, akaondoka.

Kesho yake jogoo alipowika, Lusungu alimtikisa mumewe. "Baba Ezron, amka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mama Ezron, ndiyo kwanza napata lepe la usingizi!"

"Lepe hilo utalikuta jioni."

Isaka alipotoka kunawa, Lusungu na wanawe wakakifungua kitanda, wakakipeleka ghalani. Loo! Kitanda cha Nkana kulala na mahindi! Isaka alifoka mpaka povu likamtoka. Lusungu alimsubiri amalize, kisha akampa jembe.

Tangu hapo kulikuwa na mkeka tu, na mkeka ulikuwa na masharti. Hautandikwi mpaka Isaka aanze kusinzia ameketi. Hakiliwi chakula juu yake, wala hauna maongezi. Akijilaza na macho yakabaki yamekodoka, anainuka na kurudi jikoni kupukuchua mahindi mpaka kichwa kianze kudondoka. Na awe amelala au hakulala, jogoo akiwika anaamshwa.

Kazi kubwa ilikuwa mchana, jua likiwa kali. Isaka alisinzia juu ya mpini wa jembe, mkewe akamrushia bonge la udongo. "We! Nkana walikulipa kwa kusinzia?" Wapita njia walitikisa vichwa: mwanamke gani huyu, anamtesa mume aliyemletea kitanda! Siku moja Isaka aliketi kwenye tuta akalia machozi, akiomba alale kidogo tu. Lusungu akaketi naye, akalia naye. Lakini mkeka hakumpa. Hapo ndipo ninapompa heko zangu zote, maana wengi wetu tungelainika.

Ulezi ukavunwa. Anania alifika alfajiri na wazee wawili, mkoba wa safari begani. Uani kimya. Lakini kutoka ndani ya nyumba ulisikika mkoromo wa mtu mzima, mzito, usio na wasiwasi. Lusungu alisimama mlangoni, amenyoosha mgongo, na furaha yake hakuificha.

"Amelala tangu lini?" Anania akauliza.

"Tangu jana tulipokwisha kula. Wiki hii yote hajatoka usiku kuzunguka uani. Waulize majirani, si wanapenda kuchungulia?"

Wazee wakacheka. Anania aliinama, akaingia. Mdogo wake alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mdomo wazi, viganja vimeota sugu mpya za jembe. Anania akashusha mkoba chini taratibu.

"Shemeji, nisamehe," alinong'ona. "Tumwache alale. Amechoka."

Jogoo akawika.

"Thubutu!" Lusungu akasema. "Mwamshe wewe, shemeji."

Anania akapiga magoti kwenye mkeka, akamshika mdogo wake bega. "Isaka. Isaka, ndugu yangu. Kumekucha."