Aliyetutangazia Misiba Yetu

Habari za kifo chake nilizipata kama ninavyozipata habari za vifo vyote vya hapa Kuze tangu ujana wangu, kwa kipaza sauti cha msikiti. Ilikuwa asubuhi, nami nimekaa na msahafu mapajani nikingojea chai. Sauti ilianza na Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, ikalitaja jina lake, kisha ikakatika. Tulimsikia mtu akihema, halafu akikohoa. Jina likarudiwa tangu mwanzo, kwa shida, pamoja na saa ya mazishi. Mke wangu akatoka jikoni na kitambaa mkononi, akasema polepole, "Alhamdulillahi, ni mtu." Msomaji atashangaa mwanamke kumshukuru Mola katikati ya tangazo la msiba. Basi anisikilize.

Marehemu alikuwa mwadhini wetu kwa muda mrefu, na ndiye aliyetutangazia misiba. Alikuwa na desturi yake katika kazi hiyo. Akiletewa habari kwamba fulani amefariki, hakukimbilia kipaza sauti. Alivaa kofia yake, akapita vichochoroni mpaka kwenye nyumba yenye msiba, akawapa mkono wafiwa, akauliza marehemu ni mtoto wa nani na mtaani wanamjua kwa lakabu gani, maana kwetu mtu huweza kuishi umri wake wote akiitwa kwa lakabu. Ndipo alipokwenda msikitini. Nilimwuliza siku moja kwa nini asipige simu akapumzisha miguu. "Habari ya kifo ni kaa la moto, bwana," akanijibu. "Ukilishika kwa koleo, hujui linavyochoma."

Kisha yakamfika maradhi ya koo. Madaktari walimpasua ili wamwokoe, na kweli aliokoka, lakini sauti ilikwenda na kile walichokitoa. Akawa anapumua kwa tundu la shingoni, akapewa kifaa kidogo mfano wa tochi. Alikibandika chini ya taya, akachezesha midomo, na maneno yakatoka yamenyooka, hayapandi wala hayashuki, kama nyuki ndani ya mkebe. Watoto wa madrasa wakamwita Babu Roboti. Mwingine angeshika bakora. Yeye aliwasogelea, akakiweka kifaa chake shingoni, akawaambia, "Roboti ana njaa. Nani ana kashata?" Nao wakamletea. Kila akibadilisha betri alisema Bismillahi. Aliniambia, "Mola ameichukua amana yake, kisha akanihurumia na hii. Nitalalamika kwa lipi?"

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Akatokea kijana mmoja wa Ganjoni, fundi wa kompyuta, mtu wa moyo mzuri. Alizikusanya kanda za zamani za maulidi na za matangazo, akaifundisha mashine kusema kwa sauti ya marehemu, ile ya kabla ya maradhi. Kamati ya msikiti ikawa inaandika ujumbe tu kwenye simu, na mashine inausoma. Masheikh waliikataza kuadhini, wakasema adhana ni ibada na mashine haina ibada, na kazi hiyo akapewa mwadhini mwingine. Matangazo yakaachiwa mashine. Siku ya kwanza iliposikika, mke wa marehemu alikaa dirishani akalia kwa furaha. "Mume wangu amerudi," akasema. Naye mumewe amekaa ubavuni pake, kifaa kiganjani, hakukipandisha shingoni. Baadaye alinambia, "Nilimwonea wivu yule."

Sasa mtaa wetu ulikuwa na wazee wawili wenye jina moja, na baba zao pia jina moja. Tuliwatofautisha kwa lakabu. Mmoja alihamia bara zamani, na huko ndiko alikofia. Ujumbe ukaandikwa kwenye simu bila lakabu, na mashine ikausoma kama ulivyo, kwa ile sauti tuliyoizoea na kuiamini. Yule wa pili alikuwa nasi barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Akasikiliza kifo chake mpaka mwisho, kisha akamgeukia muuza kahawa. "Niongeze, ndugu yangu. Safari yenyewe ni ndefu." Tulicheka mpaka machozi. Kahawa haijapoa, tuktuk ikasimama mbele yetu akashuka bintiye, ametoka mbio Ganjoni na kiatu kimoja, amejifunga leso bila kujua ameifungaje. Alipomwona babake ameketi, alianguka palepale. Tukamkimbiza hospitali, na Mola akamrudishia afya yake, lakini kicheko chetu kilikuwa kimekwisha.

Tokea hapo watu wakawa wanamsimamisha marehemu mwadhini wetu njiani. "Maalim, vipi wamtangaza mtu yu hai?" Naye akikibandika kifaa shingoni kujibu, "Si mimi." Nilikuwa naye mara moja hali hiyo ilipotokea, na ilinichoma. Sauti iliyokosea ilikuwa yake kweli, kila mtu aliijua. Sauti iliyojitetea ndiyo iliyoonekana ya mashine.

Akaenda mbele ya kamati, akaomba ile sauti inyamazishwe. Wakamwambia kosa lilikuwa la mwandishi, si la mashine, na kwamba waumini wanaipenda, na mashine haichoki wala haiugui. Nilimsindikiza nyumbani siku hiyo. Alikuwa na hofu moja tu. "Mke wangu ataona nimemuua mume wake wa kwanza," akasema. Lakini alimweleza, na yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumlaumu. Akarudi kwa kamati na ombi dogo zaidi. "Mashine iseme lolote. Itangaze darasa, itangaze viatu vilivyopotea. Lakini kifo kitangazwe na mtu atakayekufa. Na siku yangu, nitangazwe hivyo." Kamati ikasema italitazama jambo hilo. Ilikuwa bado inalitazama alipofariki.

Ndiyo maana asubuhi ile mke wangu na mimi, na nadhani nyumba nyingi za Kuze, tulibana pumzi jina lake lilipotajwa. Mtu aliyetangaza alikuwa yule mzee aliyewahi kutangazwa angali hai. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo maishani mwake. Aliposikia habari alivaa kofia, akaenda kwanza kuwapa mkono wafiwa, kisha akaingia msikitini na kukishika kipaza sauti kabla kamati haijaamka kuishika simu. Baada ya maziko nilimwuliza kwa nini sauti ilimkatika. Alikuwa akijipangusa udongo viganjani. "Nilipolitaja jina lake," akasema, "nikalisikia langu likitajwa."

Siku ya hitima yule fundi alikwenda kumpa pole mjane, akamwambia anaweza kumtilia ile sauti kwenye simu yake, imsalimu kila asubuhi. Bibi akamwombea dua kwa wema wake. Kisha akamwambia, "Nirudishie zile kanda tu, mwanangu. Zile alizisema mwenyewe."

Mimi si adui wa mashine. Kifuani mwangu mna kifaa kidogo kinachoukumbusha moyo kupiga, na kila nikiamka alfajiri namshukuru Mola kwa waliokibuni. Wajukuu zangu wataishi na mashine zitakazotembea, kuzungumza na kuwauguza, na huenda wengine wakawa nusu nyama nusu waya, wala hilo halitawatoa katika ubinadamu, kama lilivyoshindwa kumtoa marehemu. Ninalowaomba ni dogo. Wasimpe kazi ya kuomboleza asiyekuwa na sehemu yake katika kifo. Na siku yangu ikifika, avae mtu kofia, apite vichochoroni, abishe hodi kwangu, awape wanangu mkono, ndipo aende akaseme. Habari ikichelewa kidogo hapataharibika kitu. Mimi sitakuwa na haraka.