Hatua Mia Saba Hadi Mtoni

Juzi, kwenye treni ya kutoka Parramatta, aliingia mama mmoja amebeba chakula kwenye mfuko, akaketi mbele yangu, na behewa zima likajaa harufu ya mafuta ya haradali. Harufu ile ni kali, jamani. Inakupanda puani mpaka macho yanalowa, hujui unalia au unakaribia kupiga chafya. Mimi nililia kweli. Yule mama akanipa karatasi ya kujifutia, akaniomba radhi kwa ajili ya chakula chake, nami nikashindwa kumweleza kwamba kosa halikuwa la chakula. Lilikuwa langu, na la zamani kidogo, la nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

Ngoja niwaambie ninyi, maana yule mama alishuka kituo kilichofuata.

Tulikaa Granville, kwenye jengo la matofali mekundu la ghorofa tatu, nyuma ya gereji za magari. Sisi tulikuwa ghorofa ya kati, Mama na mimi tu. Mama ni mtu wa Uvira, Kongo. Tulifika Sydney kupitia kambi ya wakimbizi nikiwa na miaka sita, naye akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Chini yetu alikaa kijana wa Kihindi aitwaye Vikash, mfanyakazi wa ghala, pamoja na baba yake. Mzee alikuja kumtembelea mwanawe kwa miezi mitatu. Korona ikaja, mipaka ikafungwa, ile miezi mitatu ikawa mwaka na nusu. Mkewe alibaki kwao kwa sababu hakuiamini ndege. Kitu kizito vile na hakina reli, alisema, kinashikiliwa na nini huko juu?

Nilimwita Babu. Alilipenda jina hilo, maana kwao nako ni neno la heshima. Kila asubuhi alikaanga viazi kwa mafuta ya haradali, na harufu ikapanda ngazi na kuingia chumbani kwangu, pale nilipokaa na kompyuta ya shule nikijifanya nasikiliza walimu. Mnaikumbuka ile miezi ya kufungiwa kwa mara ya pili? Upande wetu wa Sydney ndio uliobanwa zaidi. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya nyumba zetu, huku watu wa ufukweni tukiwaona kwenye televisheni wanaota jua. Mama alikasirika mpaka akaacha kutazama habari.

Basi mwalimu wa jiografia akatupa kazi. Kila mwanafunzi achague mji mdogo nje ya Australia, aeleze uko wapi, unakaliwa na watu gani, na wanasafirije. Nilimwomba Mama anielezee Uvira. Akasema, "Uvira iko ku mtandao, tafuta." Akaendelea kukwaruza sufuria ambayo ilikuwa safi. Ndivyo alivyokuwa: mambo ya kwao yalikuwa kabati lililofungwa, na mimi nilikuwa nimeacha kuomba ufunguo. Isitoshe, yeye alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, na mazungumzo ya namna hiyo hayafiki mbali. Nikashuka kwa Babu.

Yeye alikaa kwenye kibaraza chake cha chini, mimi kwenye ngazi nje ya uzio, barakoa usoni, daftari mapajani. Tulizungumza Kiingereza, changu cha shule, chake cha relini. Kwa miaka thelathini na kitu alikuwa mlinzi wa geti pale barabara inapokatiza reli. Mji wake ulikuwa kwenye ukanda wa machimbo ya makaa ya mawe, mji ambao hata ramani nzuri huusahau. Upande mmoja ulikuwa na kiwanda cha kuoshea makaa, upande wa pili mto, na katikati watu, vumbi na reli.

"Andika," aliniambia, "kwamba usafiri wote wa mji ulinipitia mimi."

Nikaandika. Treni za makaa, mabehewa hamsini na zaidi, zilipita mchana kutwa. Geti likishuka, mji unasimama: mabasi, mbuzi, bibi harusi na bendi yake. Siku moja mkubwa fulani wa serikali alimtuma dereva aamuru geti lifunguliwe. Babu akamjibu kwamba treni haijui cheo cha mtu. Walikuwepo wanaume waliosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa, kilomita nyingi, wakitembea pembeni kwa sababu baiskeli haikuwa na nafasi ya kupanda. Hilo nilipomsimulia Mama, aliacha kupika. "Hata kwetu," alisema, "magunia ya makala, vilevile." Kwao makala ni mkaa. Kisha akageukia sufuria, kama aliyejikuta amesema sana.

Kuhusu idadi ya watu tulibishana siku mbili nzima. Mtandao ulisema hivi, Babu akasema vile. Alitaka nihesabu na waliohama, walioko viwandani mbali, na wale wa Uarabuni, na Vikash, na yeye mwenyewe. "Kulala kwao mahali pengine ni kwa muda tu," alisema. "Wote ni wa kule." Nami, kwa ujuaji wangu wa darasani, nikamwambia sensa haifanywi hivyo. Alicheka mpaka akakohoa, akatazama huku na huku asije mtu akadhani ni korona.

Mkewe alimpigia simu kila siku saa kumi na mbili jioni. Babu hakumtaja kwa jina. Alimwita Mama Vikash, kama tunavyoita sisi. Walizungumza kuhusu paa linalovuja na ng'ombe anayegoma kukamuliwa na mtu mwingine.

Kazi ilitakiwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi Vikash alibisha mlangoni kwetu. Alisimama mbali, mgongo ukutani, na barakoa yake ilikuwa imelowa yote. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Kifua, siku mbili tu, hospitali haikuwa na nafasi. Baba bado amelala, alisema, hajui. Moyo wake si mzima. Nimwambieje?

Alimwuliza Mama kwa sababu Mama alikuwa amefunga macho ya wazee wengi kazini, na kwa sababu mtaani kwetu, msiba ukitokea kwa Mkongo au Mrundi yeyote, Mama ndiye aliyeitwa kwanza. Mama hakusita. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha polepole: usimwambie leo. Wewe mwenyewe unatetemeka. Msiba haupelekwi kwa mtu aliye peke yake. Watu wanakusanyika kwanza, anakula, anakaa vizuri, ndipo anaambiwa na mtu mzima huku wengine wamemshika. Jumamosi siendi kazini. Jumamosi tutamwambia pamoja.

Vikash alikuwa na miaka ishirini na sita na mama yake amekufa. Mtu mzima akimwambia la kufanya, atakataa vipi? Akakubali.

Mlango ulipofungwa, Mama alinigeukia. "Na wewe, shuka kwa Babu sawa siku zote. Usilie kule. Akikuona na sura ya msiba, atajua."

Nikashuka saa tisa na nusu. Ilibaki sehemu ya jiografia. Babu aliniambia simu za kwao zimekatika, Vikash amemweleza ni mvua, na kweli mwezi ule mvua za kwao hazina adabu. Akachukua karatasi ya matangazo ya pizza, akaigeuza, akaanza kunichorea mji. Reli, mstari mmoja mrefu. Geti. Soko. Kiwanda. Nyumba yake, kiboksi kidogo. Kisha mto. Kando ya mto akaweka alama ya msalaba.

"Hapa ndipo tunapochomea wafu wetu," alisema. "Nikianza mimi, Vikash atanipeleka. Akianza Mama Vikash, nitatembea naye mwenyewe. Kutoka mlangoni kwangu ni hatua mia saba. Nimezihesabu. Weka hiyo, mwalimu wako ataipenda."

Nikaandika: hatua mia saba. Mkono wangu uliandika vizuri kabisa, mwandiko wa kupendeza. Nilitazama pembeni ili asione macho yangu, na kule kwenye maegesho nikamwona Vikash ndani ya gari lake, simu ameiegemeza kwenye usukani, kichwa ameinamisha. Nilidhani anaongea na bosi wake. Babu akaniuliza kama nimechoka. Nikasema hapana, niambie mto unatokea wapi. Akaniambia. Tulikaa hapo karibu saa nzima.

Jumamosi asubuhi Mama alishuka na uji na maandazi, akahakikisha mzee amekula. Kukusanyika kulikuwa marufuku, kwa hiyo watu aliokuwa amewawazia walikuwa ni yeye na mimi. Tulikaa uani karibu na kamba za nguo, kila mmoja mbali na mwenzake, kama mashahidi mahakamani. Hakuna aliyeweza kumshika mwingine. Vikash akapiga magoti kwenye nyasi, akamwambia baba yake kwa lugha yao.

Babu hakupiga kelele. Aliuliza neno moja, Vikash akajibu. Akauliza tena. Sikuijua lugha ile, lakini niliona anavyohesabu kwa vidole, siku kwa siku. Kisha akageukia upande wetu, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kama anayetangaza treni:

"Wamemchoma Alhamisi. Saa kumi ya hapa. Ndugu yangu alishika simu, Vikash akaona yote garini." Akanitazama mimi. "Saa kumi ya Alhamisi nilikuwa na wewe."

Ndiyo, Babu, nilimjibu moyoni: nilikuwa na wewe, nilijua, nilikuuliza habari za mto.

Mama alijaribu. Alimwambia, kaka yangu, kwetu hatumwambii mtu akiwa peke yake, tulitaka upate nguvu. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono magotini. "Kwetu mtu hasubiri," alisema. "Hachelewi hata siku. Ningetembea naye kwa simu. Hatua zote." Akainuka, akaingia ndani, akavuta mlango wa kioo. Mama akaanza wimbo wa msiba, ule tunaouimba tukikesha, akafika katikati ya ubeti akauacha. Hakukuwa na wa kuitikia.

Ee Mungu wangu, nilivyomchukia Mama wiki ile! Kumchukia yeye kulikuwa kwepesi kuliko kujichukia mimi. Kazi yangu ya jiografia ilipata alama za juu kabisa, na mwalimu akaandika pembeni kwamba zile hatua zilimgusa. Sikumwonyesha mtu. Babu aliendelea kunisalimu kila siku, na hakunieleza tena jambo lolote kuhusu mji wake. Mipaka ilipofunguliwa aliondoka na ndege ya kwanza aliyoipata. Mlangoni kwetu aliunganisha viganja, akamwinamia Mama, Mama naye akainama.

Jioni hiyo ndipo Mama aliponifungulia lile kabati lake, kidogo tu. Alikuwa kambini, mimi mgongoni mwake, kwenye foleni ya maji. Mwanamke mmoja akapita akamwambia, kama anayetoa salamu, pole kwa kifo cha baba yako. Hakuwa anajua. Ndoo ilimwanguka, na foleni ikasogea, watu wakampita kwa sababu maji yalikuwa yanakaribia kukatwa. Aliapa siku ile kwamba hakuna mtu atakayepewa msiba namna hiyo mbele yake. Kumbe alipomwambia Vikash asubiri, alikuwa anamkinga Babu na ile foleni. Hakujua kwamba Babu alikuwa na foleni yake nyingine. Na mimi, niliyekuwa na daftari lenye kila kitu cha mji ule, watu wake, treni zake, hatua zake, nilikuwa mtu pekee jengoni aliyeambiwa kwa mdomo wa Babu mwenyewe anachokitaka siku hiyo ikifika. Nilikiandika, sikukisikia.

Miaka miwili baadaye simu yangu ililia mchana. Alikuwa binamu yangu wa Uvira. Mama Mdogo Riziki, mdogo wake Mama wa mwisho, alikuwa amefariki, na kwa jinsi hali ilivyokuwa huko wangemzika siku ileile. "Usimuambie Mama yako ku kazi," binamu alisema. "Ngoja afike ku nyumba, muite batu."

Nilikaa na simu mkononi labda dakika tano. Kisha nikapiga namba ya kazini kwake, nikaomba aitwe. Nikamwambia kwa Kiswahili, moja kwa moja, akiwa amesimama peke yake kwenye korido. Nilisikia pumzi yake, nikasikia kiti kikivutwa.

"Banazika saa ngapi?"

"Saa mbili kutoka sasa, Mama."

"Kuja na simu yako. Yangu haina moto, chaji imekwisha."

Nilipanda treni ya kwenda Fairfield, alikofanya kazi. Tulikaa jikoni kwa wafanyakazi, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya sosi, tukaliona jeneza likitoka mlangoni, likipita barabarani, likishuka. Mama aliishika meza kwa mikono miwili. Picha ilipokatika alijifuta uso, akavaa glavu, akaenda kuwalisha wazee chakula cha jioni, kwa sababu hakuna aliyekuja kumpokea zamu.

Mpaka leo hajaniambia kama nilifanya vizuri au vibaya. Sijathubutu kumwuliza.