Unga Uliobaki Woodbridge

Mdogo wangu aliponiambia wanahamia kaskazini mwa Italia, nilimuuliza mtoto atakula nini. Akacheka.

"Dada, hiyo ni Italia. Watu wanapanda ndege kwenda kula tu huko."

Nikamwambia watu hao hawana mtoto wa miaka mitatu ambaye hali kitu ila ugali.

Sikuwa natia chumvi. Mama yake ni muuguzi na baba yake ni mwanajeshi, kwa hiyo tangu akiwa mchanga mimi ndiye niliyeshinda naye, kisha jioni nikaenda kwenye kazi yangu ya kutunza wazee. Alikula ugali mweupe, wa moto, kwa mkono. Tambi alizitoa kwenye sahani mojamoja kama mtu anayeokota minyoo. Mama yake alisema nimemdekeza. Sawa, lakini alikuwa akila.

Sisi tulibaki yatima nikiwa darasa la saba. Niliacha shule, na huyu mdogo wangu, kitindamimba wetu, nilimbeba mgongoni hadi akaanza kukataa mwenyewe. Nilipofika Marekani kwa ndoa, na ndoa ikafa, nilimleta asome. Basi mtu akiniambia kwamba mtoto akishikwa na njaa atazoea tu, mimi sicheki. Nimeshawahi kumwona mtoto mwenye njaa.

Jeshi lilimhamishia mume wake kambi ya huko, naye akatangulia. Vyombo vyao vikatangulia kwa meli, na wakaambiwa vitakawia. Mimi nikaenda mbali, mpaka Langley Park, kutafuta unga wa nyumbani, kwa sababu huku Woodbridge tunakoishi duka langu lilikuwa limeishiwa. Barabara yote imechimbuliwa kwa ajili ya reli mpya, basi likazunguka likasimama, likazunguka tena, na nikarudi na pakiti mbili nimezikumbatia. Nikazipanga mwenyewe katikati ya sanduku, nikazifunika kwa makoti ya mtoto.

Kisha akaja jirani yangu, mama wa Kizanzibari wa ghorofa ya chini, na furushi limefungwa kwa kanga, akamgeukia mdogo wangu.

"Mwanangu, nimesikia unakwenda Italia. Mzigo huu mpelekee mpwa wangu."

"Mpwa wako yuko mji gani, mama?"

"Napoli."

"Sisi tunakwenda juu kabisa, karibu na milima. Napoli iko chini, mbali."

"Si nchi moja? Atakuja kuuchukua."

Kwetu mtu akikupa mzigo umfikishie ndugu yake, huurudishi. Mdogo wangu, mwenye shahada na gari mbili, alikwenda shule akajifunza kila kitu isipokuwa kusema hapana. Akalipokea kwa mikono miwili. Nilimtazama, akakwepa macho yangu.

Nilibaki na ufunguo ili nisafishe ile nyumba waliyopanga kabla ya kuirudisha kwa wenyewe. Walipokwisha kuondoka nikaanzia jikoni. Nikafungua kabati la chini ya sinki, na pakiti zangu mbili za unga zilikuwa zimekaa humo bega kwa bega. Nilikaa sakafuni nikacheka kwa hasira. Sanduku lilikuwa zito, kitu kimoja kikatolewa, na hakikuwa furushi la Napoli.

Walipofika hakunipigia siku mbili. Alipopiga, nilijua kwa jinsi alivyosema "Dada" tu.

"Mtoto hali chakula?"

"Maziwa. Maziwa tu. Nimejaribu kila kitu."

"Unga uko hapa mezani kwangu, unakusalimu."

"Dada, tafadhali, usinianze."

Alilia kidogo, kisha akasema lile alilopigia. Yeye anaanza kazi karibuni, mumewe yuko kambini mchana kutwa, mtoto anapungua uso. Je, akimrudisha kwangu kwa muda, mpaka watulie?

"Muda gani?"

"Sijui. Mpaka aweze."

Nikamwambia amlete. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayetwishwa mzigo, na usiku huohuo nikamwambia msimamizi wangu asinipangie zamu yoyote hadi nitakapomwambia. Nilikitoa kitanda chake kidogo stoo nikakiweka karibu na changu. Nilifua shuka zake huku nikimsema mama yake kwa sauti, peke yangu chumbani. Tukakubaliana baba yake aje naye akipata ruhusa.

Jumapili simu ikalia, ya video. Niliona jiko nisilolijua na bibi mnene mwenye aproni. Ndiye mwenye nyumba wao. Alikuwa akikoroga sufuria ya shaba kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe.

"Dada, tazama anachopika."

Nilitazama. Ulikuwa ugali. Ulikuwa wa njano.

Mwaka wa njaa tulipewa unga wa njano wa msaada. Ulinuka gunia. Huyuhuyu mdogo wangu aliutema, nikamlisha, akautema, nikamlisha tena. Nilipoanza kupata mshahara niliapa hakuna mtu wa kwangu atakayeugusa.

"Nimekutoa kwenye unga huo," nikamwambia, "nikakusomesha, ukavuka bahari mbili kuufuata?"

"Anaukoroga karibu saa nzima, Dada."

"Saa nzima! Anapika ugali au anachemsha maharage?"

Bibi akaupindua juu ya ubao. Kisha akachukua uzi, akaukata kwa uzi, kama sabuni ya kipande. Nikafumba macho.

"Na hiyo mboga ni nini?"

"Usiulize."

"Nimeuliza."

"Sungura."

Mkono mdogo ukaingia kwenye picha. Ukamega tonge, ukalibonyeza katikati kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha, ukachota mchuzi. Tonge likaenda mdomoni. Mkono ukarudi.

"Mama mkubwa, it's hot," akaniambia, mashavu yamejaa, akatabasamu.

"Puliza," nikamwambia. Akapuliza.

Mdogo wangu akageuza simu kwake. "Hii ni mara ya tatu anakula hapa. Nilitaka kuhakikisha kwanza kabla sijakwambia. Nadhani hatakuja tena huko kwako, Dada."

"Nimeona."

"Umekasirika?"

"Mwambie huyo mama aongeze moto, apunguze saa. Na uzi auache kwa mafundi wa nguo."

Mdogo wangu akamweleza kitu kwa ishara, sijui nini. Bibi akaja karibu na simu, akanionyesha mwiko wake. Nikaenda jikoni nikaleta wangu, nikamwonyesha. Akauchunguza, akatikisa kichwa: mfupi mno.

Jioni nikafungua pakiti moja, nikasonga ugali mweupe wa mtu mmoja. Ukanishinda kuumaliza.

Kile kitanda kidogo nilikishusha kesho yake kwa jirani, ana mjukuu anayekuja kumtembelea. Alishukuru sana, akakishika miguu kuona kama ni imara, halafu akaniuliza kama mpwa wake ameshapata ule mzigo.

Nikamwambia bado. Italia ni ndefu.