Mwaka Ule Mbwa Alipopelekwa Angani

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua haipendwi na wengi. Mimi nikiinusa, hata katika uzee huu, narudi nyumbani kwetu nje kidogo ya Litein, ambako mvua ilinyesha karibu kila alasiri na mbwa wetu akaja kujikausha motoni mpaka Kogo, yaani nyanya yangu, amfukuze kwa mwiko. Mbwa huyo aliitwa Polisi. Alimbwekea kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, lakini wezi walipokuja kuiba kuku alilala fofofo. Nilikuwa na miaka minane, na nilimpenda kupita kiasi.

Sasa nikwambie kuhusu mwaka wa 1957, maana mwaka huo watu wa sayansi walituvuruga. Kwanza zilifika habari kwamba Warusi wamerusha kitu cha duara kinachoizunguka dunia. Wazee wa kanisa wakabishana. Mmoja alisema huo ni mnara wa Babeli umerudi, mwingine akasema Mungu hakai karibu hivyo. Hawajamaliza, ikaja habari nyingine. Baba yangu, mzee wa kanisa na msomaji wa gazeti wa kijiji kizima, alisimama kwenye nyasi baada ya ibada akatusomea kwamba Warusi wamerusha kitu cha pili, na safari hii ndani wametia mbwa.

Watu walicheka. Kogo alikuwa amebatizwa, lakini bado alilitazama jua la asubuhi kwa heshima ya zamani.

"Mbwa ipelekwe karibu na jua?" akauliza. "Kwani wamekosa mtu?"

"Na itarudi namna gani?" nikauliza mimi.

Baba alilitazama gazeti tena, akalikunja. "Twendeni tukunywe chai," akasema.

Nadhani unaona balaa lilikotoka. Wiki iliyofuata askari wa chifu alipita akitangaza kwamba Jumanne asubuhi kila mbwa apelekwe sokoni Litein, kuna mzungu anakuja na lori. Mbwa atakayeonekana baadaye bila kibati shingoni atapigwa risasi. Alieleza pia habari za kichaa cha mbwa na sindano ya kukizuia, lakini hayo hayakuniingia. Mimi nilisikia mzungu, lori na mbwa, mengine nikajijazia mwenyewe. Yule wa kwanza alikuwa hajarudi, na sasa walitaka wengine.

Jumanne hiyo, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, nilimwingiza Polisi kwenye kibanda cha ndama, nami nikaingia naye, nikaukaza mlango kwa gogo. Nilimfunika kichwa kwa gauni langu ili asisikie watu. Nje waliniita, mama kwa upole, Kogo kwa vitisho. Jua likapanda. Mwishowe Polisi, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa faida ya mtu yeyote, alibweka.

Baba akaja. Alikuwa amevaa koti lake la kanisa, maana kwa serikali hakuendwi hivi hivi. Hakuusukuma mlango. Aliketi chini upande wa nje, nikaiona nguo yake kwenye upenyo wa mbao.

"Chebet, mama yangu, fungua. Hiyo lori inaondoka saa sita."

"Wataipeleka juu."

"Juu wapi?"

"Kwa ile ya Warusi. Na hiyo haijarudi."

Lazima ujue baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Ukimpa chai mbaya na kumwuliza kama ni nzuri, alikujibu kwamba ni moto.

"Imerudi," akasema mwishowe. "Juzi. Imeshuka salama, wakaipatia maziwa."

"Umesoma kwa gazeti?"

"Nimesoma kwa gazeti."

Nikafungua. Baba alimbeba Polisi mabegani kama ndama, tukateremka mbio hadi Litein, mbwa akiyabwekea mashamba yote ya watu. Lori lilikuwa bado lipo. Polisi alidungwa sindano, akataka kumng'ata baba kwa shukrani, akavishwa kibati. Siku chache baadaye tulisikia bunduki upande wa mtoni, na majirani zetu wawili wakabaki bila mbwa. Wetu aliishi mpaka akang'oka meno.

Nilipokuwa chuo cha ualimu ndipo niliposoma habari za yule mbwa wa Warusi. Hakurudi. Chombo chake hakikuundwa cha kurudi, waliomrusha walijua tangu mwanzo, na watu wa nchi nyingine waliwalaumu kwa hilo wakati ule ule. Gazeti la baba lilikuwa limeandika yote. Nilikuwa nimeshazeeka walipokiri kwamba alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuruka, ingawa kwa miaka mingi walikuwa wakisema aliishi siku kadhaa. Nikawakasirikia sana.

Baba sikuweza kumkasirikia. Nilikumbuka Jumapili iliyofuata ile Jumanne, siku ya Meza ya Bwana. Yeye ndiye aliyezungusha sahani ya mkate. Alipomaliza kutupitishia sote, mchungaji akamnyooshea na yeye, baba akatikisa kichwa, akaenda kuketi. Nilidhani anaumwa jino. Nikamnong'oneza mama, naye akaniminya mkono ninyamaze.

Baba aliamini kwa moyo wake wote kwamba mwongo hastahili mkate ule. Akaketi bila kuula, kanisa zima likimtazama, kwa ajili yangu na mbwa asiyejua kulinda hata kuku. Hatukuwahi kulizungumza. Alifariki kabla sijamwambia kwamba najua, na kwamba nampenda kwa hilo kuliko kwa sala zake zote.